Anayeitikia Mama Eveline

Mtu akikuibia kuku, unaweza kwenda kwa balozi wa nyumba kumi ukamweleza rangi yake na mguu uliokuwa ukichechemea. Akikuibia jina, balozi utamweleza nini? Ndivyo Verediana alivyokuwa akiwaza pale getini pa shule ya chekechea, Mbalizi, jua la Novemba likimchoma utosini, huku mwalimu kijana aitwaye Ombeni akiwa amelishika komeo kwa mkono mmoja na kumweleza, kwa upole kabisa, kwamba mtoto hatoki.

"Dada, Eveline huwa anachukuliwa na Mama Eveline," mwalimu alisema. "Nikikupa wewe, baadaye nitamjibu nini mwenyewe?"

"Mwenyewe ni mimi."

"Mama Eveline namfahamu, dada. Tunaonana hapa kila siku."

Verediana ndiye aliyemzaa Eveline, kwa mama yake Iringa, kama ilivyo desturi ya uzazi wa kwanza, na uchungu wake aliuona yeye, si mtu mwingine. Lakini kilichomkera kuliko vyote ni kwamba mwalimu yule alikuwa na haki, na Verediana alilijua hilo kuliko mtu yeyote aliyepita njia ile siku hiyo. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

Alikuwa akifanya kazi kwenye meli ya kitalii, zile meli kubwa zinazozungusha watu wenye nafasi kutoka kisiwa hadi kisiwa, na humo aliwekwa chumba cha watoto. Wazazi wakitaka kwenda kuota jua au kucheza dansi, walimwachia watoto wao. Mtoto akiingia alivishwa bangili ya plastiki yenye namba, na mzazi akavishwa yenye namba hiyo hiyo. Sheria ilikuwa moja: mtoto hatolewi kwa sura wala kwa machozi, hutolewa kwa bangili. Siku moja baba mmoja alikuja ametoka kuogelea, maji yakimtiririka, bangili ameiacha chumbani. Alifoka, akapiga meza, na mtoto mwenyewe akawa anamnyooshea mikono na kumwita baba. Verediana hakumtoa. Mkuu wake alimsifu mbele ya wenzake, na yeye akajiona mfanyakazi kweli kweli.

Sasa yuko upande wa pili wa geti, na bangili ya Mbalizi ni jina, na jina limevaliwa na mtu mwingine.

Mwalimu Ombeni alipiga simu. Haukupita muda Atuganile akatokea upande wa sokoni, kanga kiunoni, kandambili zikipiga vumbi. Atuganile alikuwa wifi yake Verediana, dada mkubwa wa mumewe Jofrey, na ndiye aliyeachiwa mtoto. Aliangalia geti, akamwangalia Verediana, kisha akamwambia mwalimu, "Mpe tu. Ni mtu wetu."

Verediana alisubiri sentensi iendelee. Haikuendelea. Mtu wetu! Hata mbuzi wa jirani akiingia uani huelezwa ni wa nani. Geti likafunguliwa, Eveline akatoka mbio, akampita Verediana, akamkabidhi Atuganile begi lake. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtoto aliyelelewa akaleleka, akageuka na kumwamkia Verediana shikamoo, kwa adabu ile wanayopewa wageni.

Verediana aliondoka nyumbani Eveline akiwa ndiyo kwanza ameacha ziwa. Alirudi mara moja, kwa wiki chache, mtoto akiwa anajifunza kuunganisha maneno. Kisha mkataba mwingine, na ule ulipokwisha akaunganisha na mwingine huko huko, kwa sababu Jofrey alisema wakimaliza nyumba ndipo atulie. Nyumba ilikwisha. Alipofika safari hii aliikuta ina bati la rangi, ina madirisha ya vioo, na ina mama tayari.

Mtaani alikuwa hana pa kupita bila kuchomwa. Muuza nyanya akiita "Mama Eveline!" Verediana aligeuka, kumbe aliyeitwa ameshaitika, yuko nyuma yake anachagua nyanya. Kanisani hivyo hivyo. Kwa fundi cherehani hivyo hivyo. Yeye waliishia kumwambia, "Karibu, mgeni wa Mama Eveline," nao walisema kwa wema, na wema ule ulimuuma kuliko tusi. Mtoto mwenyewe hakumwita kitu. Siku Verediana alipofika, mtoto aliambiwa huyu ndiye mama, akamtazama, akajificha nyuma ya kanga ya shangazi yake. Tangu hapo akitaka maji alimvuta nguo, akitaka kupita alisimama mpaka apishwe. Shangazi yake ndiye mtoto aliyemwita Mama Atu, na kila mara Verediana alisikia lile neno la kwanza tu.

Haki isemwe, hata kama inauma. Atuganile aliwahi kuolewa Chimala, kwa watu wenye mashamba ya mpunga, akakaa miaka na miaka bila kupata mtoto, hadi siku aliporudishwa kwao na sanduku lake kama mzigo uliokosa mnunuzi. Nchi hii mwanamke mzima huitwa kwa jina la mwanawe. Asiye na mtoto hubaki na jina lake tupu, na kila anayeliita anamkumbusha. Hata watoto wa mtaani walikuwa wakimwita Atu. Verediana aliyajua hayo yote tangu alipoolewa, na zamani yalimsikitisha. Sasa hayakumsikitisha hata kidogo. Hasira ikishakaa sebuleni, huruma husubiri nje.

Jioni ya siku ile ya getini alimfuata Atuganile jikoni. Vyombo vya mchana vilikuwa kwenye beseni, Verediana akainama kuviosha, na Atuganile, aliyekuwa anachagua mawe kwenye ungo wa mchele, akamwambia aache, apumzike, yeye mgeni.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," Verediana alisema. "Mimi jembe langu mbona silioni, wifi? Nimekuja nyumbani kwangu, naandaliwa maji ya kuoga kama mchungaji. Sasa nijibu. Kwa nini pale getini hukumwambia mwalimu mimi ni nani?"

Atuganile aliendelea kupepeta mchele kidogo. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Ningesema wewe ndiye Mama Eveline, mimi ningekuwa nani pale?"

"Ungekuwa shangazi yake. Si ndivyo ulivyo?"

"Sawa. Na wewe ukirudi huko majini, mimi niwe nani tena?"

Verediana akapandisha sauti. Alisema hakumtuma mtu amwibie mtoto. Alisema alikuwa akiwafuta makamasi watoto wa watu, akiwaimbia nyimbo asizozijua maana, wanamkumbatia shingoni, na wazazi wao wanamsifu kwamba ana mkono wa watoto, huku wake mwenyewe anamwona kwenye kioo cha simu, picha ikikatika kila meli inapoacha bandari. Alisema kazini kwenye kifua chake kimebandikwa kibao kimeandikwa VERA, jina la kukatwa, na kilichomvusha siku zile ni kujua kwamba kuna mahali duniani anaitwa Mama Eveline. Kumbe mahali penyewe jina wameshampa mtu mwingine. Mwisho akasema lililokuwa moyoni tangu alipofika: mahafali ya chekechea yakiisha tu, anamchukua Eveline, anampeleka Iringa kwa bibi yake mzaa mama, na atakaporudi melini mtoto atakaa huko huko.

Ungo ulisimama mikononi mwa Atuganile.

"Kamuulize baba yake," alisema, akainuka, akaenda kubandika chungu.

Basi tumjue na baba yake. Jofrey alikuwa dereva wa semi, lori la tela, Dar hadi Lubumbashi, na njia nzima ilimfahamu. Kwenye bampa la mbele la gari lake alikuwa amechorewa kwa rangi nyekundu: BABA EVELINE. Fundi alikuwa ameongeza na maua pembeni. Alipopokea simu alikuwa Tunduma kwenye foleni ya mpakani, na nyuma yake kulikuwa na muziki. Verediana alimweleza yote. Jofrey alicheka kidogo, akasema ninyi wanawake mtaelewana wenyewe. Verediana alipotaja Iringa, kicheko kikakatika.

"Mtoto ni wa ukoo," Jofrey alisema. "Mimi ndiye baba yake, nimesema abaki hapo hapo kwa dada. Mambo ya kumzungusha mtoto siyataki."

"Wewe mara ya mwisho kulala humu ndani ni lini?"

"Mimi niko kazini, Verediana."

Akakata simu. Verediana alibaki ameishika ile simu kama anayetaka kuibamiza ukutani. Niko kazini! Na yeye alikuwa wapi, harusini? Alimgeukia Atuganile, akamuuliza swali lile lile, na Atuganile akajibu bila kuinua kichwa kwamba tangu kabla ya Pasaka Jofrey alipita mara moja, akaoga, akala, akaondoka na tandiboi wake, msaidizi wake garini, hata chai ya asubuhi hakuisubiri. Lakini nenda Mbalizi yote, uliza Baba Eveline ni nani. Hakuna mtu aliyempa jina lake mtu mwingine kwa sababu yeye yuko safari. Hakuna fundi cherehani aliyesahau. Jina la baba husafiri naye kwenye bampa, linarudi naye likiwa na vumbi tu. La mama, ukitoa mguu nje ya kizingiti, linabaki jikoni na yeyote atakayekuta chungu kimewaka. Asiyekuwapo na lake halipo, wahenga walisema. Walisahau kusema kwamba hiyo ni sheria ya wanawake.

Hilo Verediana aliliona waziwazi, na kwa dakika moja hasira yake ilielekea inakostahili. Lakini Jofrey alikuwa Tunduma, na Atuganile alikuwa hapa, karibu, anakoroga mboga kwa mwiko. Hasira haipendi kutembea mbali.

Siku zilizofuata hawakuongea ila ya lazima. Mama yake Verediana alipiga simu kutoka Iringa. Walipomaliza kusalimiana kwa kamwene zao za Kihehe alimwambia mwanawe kitanda cha mjukuu kimeshatandikwa. Verediana alikata tiketi za basi. Likizo yake ilikuwa inaelekea ukingoni, mkataba mpya ulikuwa unamsubiri, na alijua kwamba akiondoka Mbalizi bila kuitwa Mama Eveline mbele ya watu, hataitwa tena. Akaenda kwa Mwalimu Ombeni, akamweleza, safari hii bila ukali. Akamwambia siku ya mahafali, akiitwa mama wa Eveline, atainuka yeye. Mwalimu alijikuna shingo. Alisema mambo ya ndani ya familia shule haiyaingilii.

"Sisi tunaita tu, dada. Anayeitika ndiye huyo huyo."

Siku ya mahafali mvua ilinyesha asubuhi, ikakatika. Maturubai yalifungwa uwanjani, viti vya plastiki vikapangwa kwenye matope, muziki ukafunguliwa hadi mabati ya darasa yakatetema. Watoto walivishwa majoho ya satini ya bluu yaliyoburuzika chini. Kila mahali watu wana desturi yao, na pale shuleni desturi ilikuwa hivi: mtoto anaitwa jukwaani peke yake, kisha mama yake anaitwa kwa jina la mtoto, naye anakwenda akicheza, ndugu nyuma yake wakipiga vigelegele, hadi anapomvisha mwanawe taji la maua mbele ya watu wote. Akina mama waliisubiri dakika ile mwaka mzima. Walisuka nywele kwa ajili yake.

Verediana alivaa kitenge kipya, taji la maua ya rangi mapajani. Chini ya kiti lilikuwepo begi la safari, na nguo za Eveline zilikuwa ndani. Atuganile alikaa kiti cha pembeni yake. Mfuko wa plastiki ulikuwa miguuni pake, ameukunja mdomo, lakini ua moja la waridi la karatasi lilikuwa limechungulia nje. Naye alinunua taji. Verediana aliliona, akauma meno.

Mshereheshaji, mtu mmoja wa mizaha aliyeitwa Tadeo, aliwaita watoto mmoja mmoja. Zamu ya Eveline ikafika. Alipanda akiwa ameshika joho lake lisimkwaze.

"Sasa namtaka Mama Eveline!" Tadeo aliita kwenye kipaza sauti. "Mama Eveline yuko wapi? Twende naye!"

Verediana aliinuka. Na Atuganile akainuka. Mtu hafikiri akiitwa kwa jina lake, miguu hujiinukia. Wakajikuta wamesimama bega kwa bega, kila mmoja na taji lake. Vigelegele vilivyokuwa vimeanza vikafia njiani, na minong'ono ikazunguka viti. Tadeo aliona wanawake wawili, akaona hapa pana kicheko. Akainama, akamwekea Eveline kipaza sauti mdomoni.

"Hebu tusaidie, Eveline. Mama yako yuko wapi?"

Hakuna kitu alichowahi kukitaka duniani kama alivyotaka kidole kile kidogo kimwelekee yeye. Eveline alisimama wima, mikono ubavuni, kama mtoto aliyeulizwa swali darasani ambalo jibu lake amelikariri, na akajibu kwa sauti ya kuimba.

"Mama yangu anaitwa Verediana. Yupo melini, anafanya kazi. Akimaliza kazi atarudi kwangu."

Watu walicheka, wakapiga makofi, maana lilisemwa vizuri. Verediana hakucheka. Somo kama lile halijifundishi. Jofrey hakuwahi kukaa nyumbani siku za kutosha kumfundisha mtoto hata kufunga kiatu. Aliyemkalisha mtoto yule na kumrudishia jina la mama yake, neno kwa neno, mpaka likakaa ulimini, alikuwa mmoja tu, na alikuwa amesimama hapo kando yake na taji ndani ya mfuko. Aliitikia jina la mwenzake mtaani, na ndani ya nyumba akamfundisha mtoto lilikuwa la nani. Verediana alimgeukia. Maneno yote ya kumrarua aliyokuwa ameyaandaa kwa ajili ya siku hii yalikuwa bado yamejaa kinywani, na hayakuwa na pa kwenda.

Wakati huo huo honi ya semi ililia barabarani, ndefu, ya mbwembwe, na watu wote wakageuka. Jofrey aliingia uwanjani kwa miwani ya jua na koti la ngozi, akipunga mikono. Tadeo alirukaruka. "Baba Eveline huyo! Baba Eveline kafika!" Vigelegele vilivyokuwa vimekufa vikafufuka mara dufu, viti vikaangushwa, mtu akampa Jofrey taji lililokuwa mezani kwa ajili ya mgeni rasmi. Alipanda, akamvisha mtoto, akamnyanyua juu juu, na Eveline akacheka kwa kuwa ni raha kunyanyuliwa. Hakuna aliyemuuliza Jofrey bangili. Hakuna aliyemuuliza mtoto kama anamjua.

"Dada, kaa basi," mwanamke mmoja alisema nyuma, akimvuta Verediana kitenge. "Unatuzibia."

Ni Atuganile aliyemgeukia mwanamke yule.

"Huyo si dada," alisema, na alisema kwa sauti ya kusikika viti vya mbele na vya nyuma. "Huyo ndiye Mama Eveline. Mwache asimame."

"Na wewe je?" mwanamke aliuliza, amechanganyikiwa.

"Mimi Atuganile."

Akakaa. Aliuweka ule mfuko mapajani, akalirudisha ndani lile ua lililochungulia, akaukunja mdomo tena.

Verediana alikuwa amelisubiri neno lile tangu alipokanyaga Mbalizi. Sasa limetolewa, mbele ya watu, bila kunyang'anywa, na hasira yake haikupoa hata chembe. Ilihama tu. Ilimwacha yule mwanamke aliyekaa na jina lake tupu, ikaruka vichwa vya watu, ikaenda kutua jukwaani kwa mtu mwenye miwani ya jua aliyekuwa akipigiwa vigelegele kwa kufika. Verediana aliinama, akamshika Atuganile mkono, akamvuta ainuke.

"Chukua taji lako," alimwambia. "Twende."

"Wapi, wifi?"

"Kwa Baba Eveline. Leo atatueleza sote wawili mara ya mwisho kulala nyumbani ni lini, na hicho kipaza sauti atakishika."

Begi la safari alilisahau chini ya kiti. Wakaanza kwenda mbele, bila kucheza, viatu vyao vikizama kwenye matope, na waliokuwa njiani wakavuta miguu yao. Jofrey aliwaona wakija, akatabasamu, kisha tabasamu likamwisha usoni polepole, na akamshusha mtoto chini.